Mgonjwa Aliyebebwa na Wanne

Marko Mwinjili asimulia habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa kwa Yesu mjini Kafarnaumu. Watu wanne walimbeba. Walipoona mlango umezibwa na umati, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamteremsha pamoja na kitanda chake. Bwana aliitazama imani ya wachukuzi hao. Mgonjwa mwenyewe hatusikii ametamka neno. Labda alikwisha kukata tamaa.

Mlevi naye ni mtu aliyepooza. Miguu yake humfikisha penye lutuku hata usiku wa giza, lakini haiwezi kumpitisha mlangoni pasipo kuingia. Asubuhi aapa mbele ya mkewe. Jioni kiapo kimevunjika. Majirani husema kwamba hana haya. Sivyo: haya anayo nyingi mno, naye hunywa ili aisahau.

Huko Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, siku ya mshahara hujulikana na watu wa migodi na wauza makala wa vijijini pia, na siku hiyo lutuku haiko mbali. Hupikwa kwa mahindi na mihogo, kisha mvuke wake hukusanywa; mpishi asiyejua kazi aweza kuacha ndani yake sumu ipofushayo macho. Kanisa halikatazi kikombe cha harusi, maana Bwana mwenyewe aligeuza maji kuwa divai kule Kana. Shida ni ya yule asiyeweza tena kukoma akisha kuonja.

Kati ya wakatekumeni yuko afichaye chupa, kwa kuwa aogopa mwalimu wa dini akijua atauahirisha ubatizo wake. Tena afikiri ya kuwa maji ya ubatizo yatamwondolea kiu siku ile ile. Ubatizo huondoa dhambi na kumfanya mtu mwana wa Mungu. Lakini mwili uliozoea kileo miaka kumi hudai deni lake kesho yake. Afadhali ubatizo wa mwaka ujao pamoja na ukweli, kuliko wa Pasaka hii na chupa chini ya kitanda.

Basi, wachukuzi wa mtu huyu watapatikana wapi?

Mwezi wa Mei 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, mbali na kwake. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na karibu yake alisikia sauti za wanywaji. Alichukua simu, akawauliza watu wa makanisa ya mji ule: yuko wapi mlevi mwingine, apate kuzungumza naye? Hivyo alifikishwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyefungwa na kileo kama yeye. Wakaongea kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo yahesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, kilichoenea katika nchi nyingi. Mwaka 1939 Sista Ignatia alianza kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini humo, wakati hospitali nyingi hazikuwataka.

Desturi za chama ni nyepesi. Aingiaye hadaiwi ada, ila nia ya kuacha kunywa. Hujulikana kwa jina la kwanza tu, na aliyoyasema hayatolewi nje. Huahidi siku ya leo, si maisha yote. Wake na jamaa nao wana chama chao tangu 1951, maana nyumba nzima huugua.

Atafutaye wenzake Likasi na aanze kwa padri wa parokia, au kwa muuguzi wa hospitali. Hao huwaona walevi wengi, na huenda wakamjua aliyekwisha kuacha. Asiulize mbele ya jumuiya yote, aulize kando. Akiambiwa kwamba karibu na kijiji chake hakuna kikundi, wawili watosha kuanza. Kule Akron walikuwa wawili.

Lakini mtu anywaye sana kila siku asiache ghafula, amejifungia peke yake. Katika siku za kwanza mwili waweza kutetemeka, macho kuona visivyokuwapo, hata kifafa kikamshika na kumwua. Kwanza apelekwe hospitali, wala usiku asiachwe pasipo mtu.

Kisha wenzake wachague mahali pa kukutania palipo mbali na nyumba ya mpika pombe, na saa iwe ile ile aliyozoea kunywa. Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyeacha pombe mwaka 1884, alikuwa akitoka nyumbani bila senti mfukoni, asije akavutwa. Papa Paulo wa Sita alizitambua rasmi fadhila zake mwaka 1975. Vivyo hivyo jioni ya mshahara fedha na ishikwe na mke, naye aambiwe mumewe amekwenda kwa nani, ili asimngoje kwa hofu.