Je, Faraja Husomewa?

Mwambao, mtu akilazwa kitandani, habari huenda mbio kuliko dawa. Kabla ya magharibi nyumba imekwisha jaa: shangazi na uji wake, jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa chuo, hata yule waliyegombana mwaka wa juzi. Kila mmoja huuliza hali, humwombea afua, kisha huinuka mapema, kwani adabu ya kumzuru mgonjwa ni kutomchosha. Hakuna hata mmoja aliyesomea. Kwa Mwislamu, kumzuru mgonjwa ni haki ya ndugu yake juu yake, na haki haingoji cheti. Ndiyo maana mtu wa visiwani akisikia kuwa wako watu wanaosomea kazi ya kuketi kando ya mgonjwa, tena kwa daraja ya juu, kwa miezi na kwa mitihani, huenda akatabasamu. Tabasamu hilo lina haki yake. Lakini lafaa lipimwe mbali na bahari, mahali ambapo nyumba ya mgonjwa haijai.

Mahali hapo ni Haydom, katika wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, kiasi cha kilomita 300 kutoka Arusha. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe walifungua hospitali huko mwaka 1955. Leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na ina vitanda zaidi ya 400. Jambo la ajabu katika nchi hiyo ya juu, kati ya Mbulu na mlima Hanang, ni lugha. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wabarbaig, ambao ni Wadatooga, husema ya Kinailoti. Wanyisanzu na Wanyiramba ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao ambayo haina udugu na yoyote katika hizo. Ni mahali pachache duniani ambapo koo nne za lugha hukutana hivyo, na katika wodi moja zaweza kulala zote usiku mmoja.

Basi mama wa Kibarbaig aliyetoka upande wa Hanang, ng'ombe wameachwa na watoto, ana jamaa mmoja tu aliyekuja naye, na huyo yuko nje anapika. Wa kitanda cha pili hamwelewi. Muuguzi anamwelewa nusu nusu kwa Kiswahili cha haja. Hapo ndipo mchungaji wa hospitali anapoingia, naye si ndugu, si jirani, wala hakualikwa. Amekuja kwa kuwa ni kazi yake.

Kazi hiyo ilianza kufundishwa kwa utaratibu Marekani. Anton Boisen, mchungaji aliyepata kulazwa yeye mwenyewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili, aliingia kazini katika hospitali ya namna hiyo mjini Worcester, Massachusetts, mwaka 1924, na mwaka uliofuata akawapokea wanafunzi wachache wa theolojia. Aliwataka wawasome wagonjwa kwa bidii ileile waliyoitumia kusoma vitabu. Njia iliyotokana na fikira hiyo imeenea hata Afrika ya Mashariki. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, wachungaji wamekuwa wakiipitia. Mwanafunzi humtembelea mgonjwa. Akirudi huandika kwa kumbukumbu kila neno lililosemwa, lake na la mgonjwa, pamoja na kimya kilichopita baina yao. Kisha wenzake huisoma karatasi hiyo mbele yake. Humwuliza: hapa mgonjwa alisema anaogopa, mbona wewe ukafungua zaburi? Hapa alinyamaza, mbona ukaharakisha kusema?

Adhabu iliyoje kwa msemaji! Na wachungaji, kama washairi, ni watu wa kusema.

Hapo ndipo tabasamu la mtu wa pwani linapoanza kupata jibu. Huruma haifundishwi darasani. Asiyekuwa nayo hataipata kwa kusoma karatasi. Linalofundishwa ni jambo jingine, dogo kwa sura, nalo ni kujizuia. Sababu yake ni hii: mgonjwa hawezi kuondoka. Mwenye afya akichoshwa na mahubiri huaga akaenda zake, au husinzia kwa adabu. Aliyelala na mpira wa maji mkononi hana mlango. Kila anayesimama kando yake ana nguvu juu yake, hata akiwa mpole, na mpole pengine zaidi, kwani ni vigumu kumfukuza. Jirani wa Unguja au Pemba hudhibitiwa na desturi nzima iliyomzunguka: mwenye nyumba atamkoholea, shangazi atamwambia mgonjwa apumzike. Mchungaji wa wodini hana wa kumkoholea. Hana budi kubeba kikohozi hicho ndani yake mwenyewe, na hicho ndicho anachokwenda kutafuta Moshi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika wodi ya wazazi. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, kifo, na hata mimba iliyoharibika, huleta hali waiitayo metimani, na aliyefikwa nayo hujitenga na majirani kwa muda uliowekwa. Dini mpya zimeipunguza nguvu desturi hiyo, wala hazikuing'oa katika kila moyo. Mwanamke aliyepoteza mtoto tumboni amelala pale. Yeye ni Mkristo, na huku anaona kuwa kujitenga ndiko kunakomstahiki. Mchungaji atamwambia kuwa hayo ni ushirikina uliokwisha? Maneno hayo yaweza kuwa sahihi kwa mafundisho ya kanisa lake, nayo yakamwacha mwanamke bila msiba: kanisa limemwondolea kujitenga, wala halikumpa kitu mahali pake. Aliyesoma vizuri huuliza kwanza nyumbani kwao watu watafanya nini akirudi, na yeye mwenyewe angependa wafanye nini. Swali hilo halimfungi kuikubali metimani. Humpa mama nafasi ya kusema kuwa amefiwa, jambo ambalo pengine hakuna aliyelitamka tangu alipoletwa.

Wairaqw wana pia sala ya kishairi iitwayo slufay. Mzee mwenye ulimi huinena, na waliohudhuria humwitikia kila anapofika kituo. Ni kazi ya sauti nyingi, naye mneni huenda kwa kuegemea kiitikio chao. Wapenda ushairi watalielewa hili upesi kuliko wanatheolojia. Sala anayoisoma mchungaji kwa Kiswahili safi juu ya mtu asiyeweza kuitikia, aidha kwa udhaifu au kwa kukosa lugha, yaweza kuwa na vina vyote na ikakosa mtu wa pili. Basi kukaa kimya hadi mgonjwa apate pumzi ya kuitikia neno moja si uvivu wa kazi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Wamkumbuka mwinjilisti wa zamani, mtu wa darasa chache, aliyejua lugha mbili tatu za wilaya na majina ya watoto wa kila boma, na ambaye uso wake tu ulimpunguzia mtu maumivu. Huyo angenyimwa kazi leo kwa kukosa karatasi? Zaidi ya hayo, ufundi una hila yake. Aliyejifunza kuuliza kwa upole aweza kuuliza kwa upole siku nzima na moyo wake uko kwingine, na mgonjwa, ambaye hana kazi nyingine ila kutazama nyuso, hulitambua hilo upesi. Lakini mwinjilisti huyo hakukosa mafunzo. Alifunzwa na miaka thelathini ya makosa, na makosa hayo yaliwaangukia wagonjwa. Mafunzo ya juu yanataka makosa yaangukie karatasi kwanza. Hiyo ndiyo tofauti, nayo yatosha kuyatetea, ikiwa cheti hakitafanywa ukuta wa kumzuia mwenye lugha.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80, na majeruhi wakajaza hospitali za wilaya na mkoa. Msiba wa namna ile huleta wafariji wengi kuliko maji ya kunywa, na wengi huja na neno moja: ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo akilisema mama aliyezika watoto wake, ni nguzo yake, na hakuna mwenye haki ya kumwondolea. Akilisema mgeni mbele ya mama huyo kabla yeye hajalisema, ni mkono juu ya kinywa chake. Maneno ni yaleyale.

Limebaki swali ambalo watu wa pwani hawawezi kulikwepa. Afikiriwe dereva wa lori kutoka Tanga, Mwislamu, aliyevunjika katika barabara ya vumbi na sasa anakufa usiku Haydom. Mchungaji mwenye mafunzo hatamwekea Biblia kifuani. Atatuma mtu akamtafute Mwislamu mjini aje amsomee. Mjumbe anakawia. Mgonjwa, akiwa na fahamu, anamwomba yule Mlutheri amkumbushe shahada, kwani ulimi wake umekuwa mzito. Wako watakaosema kuwa mchungaji hawezi kutamka asichokiamini bila kuongopa mbele ya Mungu wake, na hoja hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini asemaye hapo si yeye; anamshikia mwenye safari mzigo hadi mlangoni, kama mkalimani amshikiavyo mtu maneno yake. Atamwinamia na kuyasema polepole, neno kwa neno, akingoja midomo ya yule mtu imfuate. Akitoka nje atawakuta jamaa wa dereva, au wazee wa usharika wake, na atapaswa kuwaeleza alichofanya.