Je, Siri ya Kijana Yafaa Kufichwa?

Mtoto akivunjika mguu, hakuna aulizaye kama ni haki kuwaambia wazazi wake. Lakini akivunjika moyo, akamnong'oneza mwalimu, "Nimechoka kuishi, ila usimwambie mtu," mwalimu yule afanye nini? Huku kwetu milimani swali hili si dogo. Kifungilo, karibu na Lushoto, iko shule ya bweni ya wasichana, nazo shule za namna hiyo ni nyingi: mtoto hukaa mbali na mama yake miezi kadha wa kadha, na mtu mzima aliye karibu naye ni mwalimu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Basi darasani mwa watoto 40 huenda wakawamo watano au sita.

Wako wasemao kwamba siri ni amana, naye aitoaye ni msaliti. Kwa sehemu kubwa wana haki. Msichana akiombewa kwa jina lake mbele ya usharika mzima, hatafungua kinywa tena. Huzuni ya kushindwa mtihani na ikae kwake aliyeambiwa.

Lakini habari ya kifo ni mzigo mzito mno kwa mtu mmoja. Tena kijana, kwa kule kusema tu, ameonyesha kwamba moyo wake kwa upande mmoja wataka kuzuiwa. Kwa hiyo naona mwalimu asiahidi yote tangu mwanzo. Na aseme, "Nitanyamaza, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini." Kisha amwulize, "Tumwambie nani kwanza, mama, shangazi au bibi?" Amwambie huyo pamoja na daktari, si walimu wote, wala asimwache kijana peke yake mpaka msaada ufike. Bibi si chaguo la kudharauliwa: mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kuwasikiliza wenye huzuni, wakiketi nao bencini.

Msaada wa madaktari nao hauko mbali. Lutindi, papa hapa Usambara, palikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani tangu 1896, na tangu 1904 hutunzwa wagonjwa wa akili. Lakini wazazi wengine huliogopa jina la hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Hapo mwinjilisti ana kazi kuliko mwalimu, maana yeye huingia nyumbani pasipo kushangaza jirani, akaketi na baba hata usiku.