Mvua Isiyogawiwa Sawa

Alfajiri, meli ya kutoka Bukoba inapofunga kamba bandarini Mwanza, abiria hawajamaliza hata kusalimiana na wenyeji wao, ndizi zimekwisha kuanza kushuka. Wachukuzi hufuatana na mikungu mabegani, utomvu ukichuruzika, na mashati yao yana madoa meusi ambayo sabuni imeyashindwa. Asubuhi moja ya Septemba nilimkuta mama mmoja mchuuzi akikung'uta maji kwenye mkungu wake.

"Shikamoo mama. Mbona zimelowa hivi?"

"Marahaba mwanangu. Tumepakia Kemondo mvua inatunyeshea."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi mpaka juu ya kamba. Mwanza ilikuwa bado inaisubiri mvua yake ya kwanza.

Ziwa ni hilo hilo moja. Bukoba, upande wa magharibi, hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Mwanza hupata kama nusu yake, na Musoma, upande wa mashariki, hupungukiwa zaidi. Mtu angeweza kunung'unika: kwa nini Muumba asigawe sawasawa? Nami nilinung'unika, mpaka nilipojifunza jinsi mvua hiyo inavyopikwa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Ni sinia pana, si chungu. Mito kama Kagera na Mara huliingia, ila maji yake mengi, karibu asilimia 80, hushuka moja kwa moja kutoka mawinguni. Na karibu kiasi hicho hicho hupanda tena angani kwa mvuke. Mto Nile huchukua sehemu ndogo tu. Ziwa hili hunywa mbingu na kunywewa na mbingu.

Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea vilimani. Usiku mambo hugeuka. Mawe makubwa ya Mwanza hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo wa nchi kavu hushuka kutoka kila upande ukakutane katikati ya maji. Ukikutana hauna pa kwenda ila juu, ukiwa umebeba mvuke. Ndipo radi hupasuka usiku wa manane, na mvuvi wa dagaa aliye na karabai yake humkumbuka Mungu kwa sauti. Kisha pepo zinazotoka upande wa Bahari ya Hindi huyasukuma mawingu hayo magharibi, nayo humwaga mzigo wake Buhaya, upande wa Bukoba. Mkungu ule ulilowa kwa maji yaliyowahi kuwa ziwa.

Mvua hiyo huotesha migomba kwa Wahaya, na misitu ya Minziro na kisiwa cha Rubondo. Lakini kila neema ina gharama yake. Mvua nyingi huosha rutuba ya udongo, ndiyo maana Mhaya hakuiachia mvua kazi yote. Kwa vizazi vingi amekilisha kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa kwenye nyika ya rweya, mpaka udongo dhaifu ukawa mweusi. Huku kwetu Usukuma, penye mvua ya kubahatisha, nchi ilifaa mtama na malisho ya ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Pasipo tofauti hiyo, nani angepiga kasia kumfuata mwenzake? Zamani, kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kuliona ziwa hili, mwambao wake ulikuwa soko. Warongo, mafundi wa chuma wa Uzinza, walifua majembe, nayo yalivuka maji mpaka Ukerewe na Usukuma. Mengine yakawa mahari. Wakerewe walipeleka nafaka. Wasukuma walikwenda kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kutafuta chumvi. Wabaganda walisafiri kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kama vile mafundi wa Lamu walivyoushona mtepe. Hakuna aliyekuwa na vyote.

Chuma chenyewe kilikuwa mtoto wa mimea. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, watu waliyeyusha chuma miaka 2,000 hivi iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliwaonyesha wataalamu namna yake: shimo la tanuri lilijazwa kwanza majani ya bwawani yaliyochomwa, nayo yakasaidia kukipa chuma ile kaboni inayokigeuza kuwa chuma cha pua. Majani ya kinamasi yakawa makali ya jembe! Lakini tanuri lilikula mkaa pia, na mkaa ukala msitu. Chavua ya kale iliyohifadhiwa ardhini inaonyesha miti ikipungua.

Baadaye njia ya Tabora ilileta shanga na nguo kutoka pwani. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858, akiwa amekwisha kuelezwa habari za ziwa na Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora hiyo hiyo. Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alipofika Kageye, mwamboni mwa ziwa, mwaka 1875 alimkuta Sungoro, mfanyabiashara wa pwani, akiunda jahazi. Wageni hao hawakuanzisha biashara ya ziwa. Waliikuta ikipumua.

Na bado Muumba alikuwa ametangulia kwa mbali. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yana chavua pia, kurasa zisizooza. Yanaonyesha kwamba miaka 16,000 hivi iliyopita ziwa lilikauka. Pale zinapopita meli leo paliota nyasi. Kisha mvua zikarudi, sinia likajaa, na chavua ya nyasi ikapisha ile ya miti ya msitu. Ndani ya maji hayo mapya kukatokea mamia ya aina za samaki wa furu, wadogo kwa wakubwa, wenye rangi kama kanga dukani.

Basi ziwa hili si la milele. Limejazwa, na kilichojazwa huweza kupungua, na hata kufurika. Mvua za 1961 zililipandisha kwa takriban mita 2. Mwaka 2020 likapanda tena na kuingia nyumba za watu. Na mkono wa mtu nao umo: mti unaoung'oa mlimani ulikuwa ukirudisha mvuke angani na kuushika udongo usishuke ziwani. Mafunjo unayoyafyeka pwani yalikuwa yakichuja maji kabla hayajaingia.

Jioni nilirudi bandarini. Meli ile ile ilikuwa ikipakia magunia ya mchele wa Usukuma kwa safari ya Bukoba. Mchukuzi mmoja, shati lake bado na madoa ya utomvu wa asubuhi, alikuwa sasa mweupe mabegani kwa vumbi la mchele. Mvua ya huku na mvua ya kule zilikuwa zimekutana mgongoni mwa mtu mmoja. Sikunung'unika tena.