YAKINI HAIONDOLEWI NA SHAKA

Watoto wetu wa Kanyaruchinya wamesoma katikati ya vita na kuhama. Wakipitia mazoezi ya mtihani wa Leta, wenye majibu ya kuchagua, wako wanaofuta jibu sahihi kwa hofu tu. Huo ni wasiwasi.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayeshuku ndani ya swala kuwa udhu umemtoka, asiikate mpaka asikie sauti au apate harufu. Basi, mwanafunzi, ukiona ushahidi, hesabu imekosewa au swali hukulisoma vizuri, badilisha. Kung'ang'ania kosa si yakini. Usipouona, liache jibu lako.

Nanyi wazazi, mtoto anayetishwa kila siku hushuku hata alichokijua. Mtulizeni, mwombeeni.

Wabillahi tawfiq.