Bure na Bure

Neno bure lina maana mbili katika lugha yetu. Kitu kitolewacho pasipo malipo huitwa cha bure, na kazi isiyozaa faida nayo huitwa kazi bure. Zipo lugha zilizoyatenga mambo haya mawili kwa maneno mawili. Kiswahili kimeyafunga pamoja, na sidhani kwamba kimekosea. Swali la insha hii ni hili: mtu anapoambiwa kwamba kitu fulani ni chake bure, naye hana njia ya kukifikia, bure aliyopewa ni ya namna gani?

Swali limeletwa na jambo la siku zetu, yaani kuhamishwa kwa televisheni ya Tanzania kutoka mfumo wa analojia kwenda mfumo wa dijitali. Mwaka 2006, huko Geneva, nchi zaidi ya 100 zilipatana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 mitambo ya zamani isipewe tena ulinzi dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya jirani. Tanzania haikungoja siku hiyo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu mwaka 2013. Kampuni tatu zilipewa leseni ya kujenga minara na kuyasafirisha matangazo ya wote, na ikaamuliwa kwamba chaneli tano za kitaifa, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zionekane bila ada ya mwezi. Mwananchi alitakiwa kununua chombo chake mara moja tu, kisha aone bure.

Chombo hicho watu walikiita kwanza king'amuzi, na baadaye jina la kisimbuzi likashika. Naona jina la kwanza lilikuwa na hekima yake. Kung'amua ni kutambua lililofichika. Chombo hiki hutambua, kwa upesi usio na huruma wala chuki, nani amelipa na nani hajalipa. Lakini sababu ya asiyelipa hakiing'amui, na wala hakimjui yule ambaye hakuweza hata kukinunua. Mambo hayo yameachwa yang'amuliwe na wanadamu, na ndipo maadili yanapoanza.

Tumfikirie mkulima wa Lusewa, katika nchi ya kusini ambako mto Ruvuma hututenga na Msumbiji. Lusewa ilihesabiwa zamani katika Songea, na sasa imo wilaya ya Namtumbo. Mawimbi ya televisheni ya mnara husafiri kama jicho litazamavyo: mlima ukisimama kati, hayapiti. Katika mfumo wa zamani mtu aliyekaa mbali na mnara alipata picha yenye chenga. Sura hazikutambulikana vema, lakini sauti ilisikika na habari ikamfika. Mfumo mpya haujui chenga. Mawimbi yakitosha, picha huwa safi kama ya aliye chini ya mnara; yakipungua kidogo tu chini ya kiasi, kioo huwa cheusi. Wa karibu amepewa yote, na wa mbali hakuachiwa hata nusu. Aliye nje ya mpaka huo hana budi kununua dishi la setilaiti, au kwenda katika kile kibanda ambacho vijana wamekiita kibanda umiza, akalipe mlangoni ili aone kisicholipiwa.

Watetezi wa maendeleo watasema kwamba hakuna safari ambayo watu wote hufika saa moja. Barabara, reli na umeme vilianza mahali pamoja kabla ya kufika pengine. Hata gridi ya taifa iliingia Songea mwaka 2018 tu, kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Je, Dar es Salaam ingekaa gizani hadi Songea iwake?

Hoja hii ina nguvu, na nchi yetu imewahi kuijibu kwa vitendo. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973. Bara ilikaa bila televisheni yake hadi 1994, kwa sababu serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa ambayo ingewafaa wachache wa mijini kwa gharama ya wengi. Badala yake redio ilitumwa kila upande, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujifunza. Hayo yalikuwa matunda ya kuwaangalia wote kwanza. Hata hivyo, kungoja nako kuna bei. Kizazi kizima cha mafundi, waigizaji na watangazaji wa televisheni hakikuzaliwa bara katika miaka hiyo, na usawa wa kukosa wote haukumnenepesha mtu wa Lusewa.

Basi kungoja wote si haki kamili, wala kutangulia na kusahau si haki. Naona iko njia ya tatu: atanguliaye atambue kwamba ametangulia kwa mali ya wote, na kwa hiyo ana deni. Masafa ya hewani hayakulimwa na mtu. Ni urithi wa taifa, nao wa Lusewa una fungu lake sawa na wa Kariakoo. Mfumo wa dijitali hubeba chaneli nyingi katika nafasi iliyobeba moja, na nafasi iliyookolewa ina thamani kubwa: mwaka 2018 masafa ya megahezi 700 yalipigwa mnada kwa kampuni za mawasiliano. Iwapo urithi umeuzwa kwa niaba ya ndugu wote, ndugu aliyeko mbali hawezi kuambiwa kwamba faida haimhusu kwa kuwa hakuwapo mnadani. Marekani, ilipozima analojia mwaka 2009, iliwapa wenye nyumba hati za dola 40 za kupunguza bei ya kisimbuzi. Uingereza, iliyomaliza mwaka 2012, iliweka mpango wa kuwasaidia wazee na walemavu. Hizo ni nchi tajiri, lakini kumhesabu wa mwisho ni tabia kabla ya kuwa utajiri.

Lipo pia fundisho la mwaka 2018. Mamlaka ya Mawasiliano iliziamuru kampuni za setilaiti za kulipia ziziondoe chaneli za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Nia ya kanuni ilikuwa njema: cha bure kisiuzwe. Lakini mtu aliye mbali na minara, aliyekuwa amejinyima akanunua dishi, aliamka akakuta zimetoweka. Kanuni iliyotungwa kulinda haki yake ndiyo iliyomfungia mlango. Baadaye chaneli hizo zilirudi, lakini funzo limebaki: sheria humtazama mtu kwa mahali ilipodhani anakaa.

Mtu ataniambia kwamba mkulima ahitaji mbolea, dawa na barabara, na televisheni ni mchezo. Ningekubali kama televisheni ingekuwa mchezo tu. Lakini humo hutangazwa maradhi na tahadhari zake, bei na sera, wagombea na ahadi zao. Kusemeshwa na taifa lako si anasa. Ni sehemu ya kuwa raia. Ndiyo maana serikali ilipotangaza Januari 2016 kwamba TBC itapunguza kuonyesha Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, ubishi ulikuwa mkubwa. Hata mwenye kisimbuzi na mnara alijiuliza: nikiona bure, nione nini? Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo. Asiyeona mashauri yakifanywa hukaribia kuwa miongoni mwa wasiokuwapo.

Kwa hiyo nashauri kipimo kimoja kwa kila kitakachotangazwa kuwa cha bure, kiwe televisheni, elimu au tiba. Tusiulize kwanza bei yake mahali kinapotolewa, kwani hapo hakuna bei. Tuulize gharama ya kukifikia kwa yule akaaye mbali kuliko wote, tena tuulize atakuta nini akifika. Majibu yakiwa mema, neno bure litakuwa na maana yake ya kwanza. Yakiwa mabaya, Kiswahili kimekwisha kutuonya kwa maana ya pili.