Jumamosi Msiiuze

Wajukuu zangu, wengi wenu mnajua kushona kuliko sisi tulivyojua. Mmepita VETA Songea, wengine mmepita vyuo vya maendeleo ya wananchi, na mshono mliouona asubuhi kwenye simu, jioni gauni lake linaning'inia dirishani. Nalifurahia hilo kwa moyo wote. Ila lipo jambo moja linanikaa rohoni. Cherehani zenu zinawajua wateja tu. Jumatatu hadi Jumamosi ni nguo za watu, na Jumapili mkitoka kanisani mnamalizia pindo za watu. Ndugu zenu mnakutana nao msibani, mnakumbatiana, mnaulizana watoto wamefika darasa la ngapi, halafu kila mtu anapanda bodaboda yake.

Nawaomba mtenge Jumamosi moja katika mwezi isiyo na mteja. Siku hiyo cherehani itoke barazani, mkeka utandikwe, na atakayeshonewa awe wa nyumbani: shangazi, wifi, rafiki mliyesoma naye, mtoto wa jirani anayeanza shule. Akija mteja na kitambaa chake mkononi, mkaribisheni chai, mwambieni kazi yake itaanza Jumatatu. Najua maisha ni magumu na ada za shule zinasubiri. Hata hivyo Jumamosi zote nne mkiziuza, hakuna duka Mbinga mtakakokwenda kununua hata moja irudi.

Kukaa pamoja si jambo geni Umatengo. Wazee wetu walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikusanyika mahali pamoja, chakula kikaletwa kutoka kila nyumba, wakala wote, na aliyekuwa hana kitu siku hiyo alikula bila kuulizwa. Hapo ndipo vijana walipofundwa, ugomvi wa mipaka ukamalizwa, na kazi za shamba zikapangwa. Ilikuwa kazi njema, ingawa sisi wanawake tulipika zaidi ya tulivyosikilizwa, nami siwezi kulipita hilo kimya. Penye cherehani tunakaa wote. Mwanaume apige pasi, mtoto afumue mshono uliokosewa, bibi asiyeona vizuri atungiwe uzi kwenye sindano na mjukuu wake. Na mtoto anayetunga uzi yuko karibu kabisa na mdomo wa bibi. Atasikia mambo ambayo akiitwa na kuketishwa kitini hangeambiwa. Mikono ikiwa na kazi, macho yakiwa kwenye kitambaa, hata mwenye aibu huanza kusema.

Sasa, saa na siku mzichague kwa akili, maana huku watu wana majira mawili. Sisi wa milimani tunatawaliwa na kahawa na ngoro, mashimo yetu ya kilimo. Kuchuma kukipamba moto, au wakati wa kuchimba ngoro za maharage, msimwite mtu. Atakuja na kikapu chake kichwani na mawazo yake yako shambani. Wenzetu wa ziwani wanatawaliwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa haufui dafu, samaki hawakusanyiki, basi mitumbwi hupumzika. Siku hizo ukishuka Mbamba Bay au Liuli utawakuta wanaume chini ya miembe wakishona nyavu. Ndiyo Jumamosi yenu hiyo! Nyavu upande huu, vitenge upande ule, na watoto wakizunguka kote kuwili. Tangu lami ifike Mbamba Bay, kushuka na kurudi si safari ya kuogopwa kama zamani. Mtokao juu bebeni maharage na ndizi, mtakuta dagaa huko. Mwenyeji asiachiwe gharama peke yake, maana hapo ndipo mikutano mingi ya ndugu ilipofia.

Msikubali kamwe kuambiwa kwamba sindano ni ya wanawake. Tembeeni soko lolote mtazame nani wamekaa nyuma ya cherehani, kisha mtazame hao wenye nyavu. Mtoto wa kiume aanze pamoja na dada yake, kwa sindano ya mkono, kwenye lapu, kabla hajaruhusiwa kukanyaga cherehani. Na akipinda mshono, msimcheke mbele za watu. Mwekeni pembeni mumwonyeshe; mtoto aliyechekwa mara moja kwenye mkeka huo hatakaa tena.

Na mkikosa cha kushona, ziko ngoma. Hapa nina mengi, maana ni kitu nikipendacho. Mganda ulizaliwa kwa kuiga gwaride la askari wa wakoloni, enzi za Vita Kuu ya Kwanza; ndiyo maana wanaume hujipanga mistari na nguo zao zimenyooka kwa pasi. Kioda ni ya wanawake wa mwambao wa Nyasa, nao huvaa sare. Kikundi chenye sare iliyoshonwa na mikono yao wenyewe kinaingia uwanjani kwa hatua nyingine kabisa. Kila mmoja anajua nani alikata shingo ya gauni lake, nani alikesha akishona vifungo, na nani alichangia uzi kwa sababu hakuwa na fedha ya kitambaa. Hata WAWATA na vikundi vingine vya kanisani wanaojiandaa kwa sikukuu wangepata furaha hiyohiyo kama wasingepeleka kila kitu kwa fundi mmoja na kumlaumu Desemba ikifika. Nunueni kitambaa kutoka jora moja, maana ukichanganya majora rangi hupishana kidogo na juani huonekana. Kateni kwa siku moja, wote mkiwepo. Na acheni nafasi ya kutosha ndani ya mshono: wanawake huzaa, hunenepa, hukonda, na gauni la kioda hurithiwa.

Mnaniuliza kwa nini nathamini kitambaa hivi. Nilikuwa mama kijana baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, maduka yalipokuwa matupu. Kiwanda cha Urafiki kilikuwepo Dar es Salaam tangu 1968, lakini kitenge hadi kifike huku kilitafutwa kwa foleni, na doti moja ya khanga waliigawana ndugu wawili, kila mmoja kipande chake. Gauni likichakaa liligeuzwa sketi ya binti, sketi ikawa shati la mtoto, na lapu zilizobaki zikaunganishwa kuwa shuka. Siwatakii shida ile irudi. Nawatakia yale mazungumzo tuliyokuwa nayo tukiunganisha lapu, na vicheko vyake, ambavyo vilisikika hadi barabarani.

Simu sizikatazi. Mpigieni aliyeko Dar es Salaam au Mwanza, iwekwe katikati ya mkeka asikie kelele za cherehani na aulizwe vipimo vya wanawe. Nguo yake itatumwa kwa basi.

Basi tuanze kwangu, Jumamosi ya mwezi mpevu unaokuja, kahawa itakapokuwa imekwisha kuanuliwa. Cherehani yangu ya mguu inafanya kazi, mkanda wake ni mpya. Anayekuja na mkasi mkali atakuwa amenisaidia, wangu umechoka. Wa Lituhi piteni Kitai kama kawaida, wa Liuli mpandie Mbamba Bay, na wote wa ziwani mje na masweta, kwa sababu huku juu jioni ni baridi na sitaki mtu aage mapema.