Baba na Babu kwa Siku Moja

Mwaka 1995 ilitolewa huko Marekani sinema ya kuchekesha iitwayo Father of the Bride Part II. Bwana George Banks, anayeigizwa na Steve Martin, anaambiwa na binti yake Annie kwamba karibu atakuwa babu. Badala ya kushukuru, anashikwa na hofu ya uzee. Anazitia nywele zake rangi. Anaiuza hata nyumba alimolelea watoto wake. Kumbe mkewe Nina naye hajisikii vema. Wanadhani ni mabadiliko ya umri, mpaka daktari anapowaambia kwamba ni mja mzito.

Tulicheka sana, wala hatuoni haya kukiri hivyo. Lakini katika kucheka tuliwakumbuka akina mama wa huku kwetu waliopata mimba wakati mmoja na binti zao, wakajificha kama watu waliotenda kosa. Wanaowacheka ni nani? Mara nyingi ni sisi Wakristu, tena wenye kuimba kwa sauti kuu kanisani. Na mume, ambaye mtoto ni wake pia, hukaa kimya kana kwamba jambo halimhusu! Mimba ya umri mkubwa ina hatari zaidi, kama vile shinikizo la damu; mama anayejificha huchelewa kwenda kliniki, na aibu tuliyomtia sisi yaweza kumwua.

Elisabeti naye alijificha miezi mitano, asema Mt. Luka. Ni nani aliyemwendea? Ni Maria, msichana mwenye mimba yake mwenyewe, aliyefanya haraka kwenda nchi ya milima. Hakwenda kumchungulia jamaa yake mzee, wala kupeleka habari zake kisimani. Alimwamkia, akakaa naye kama miezi mitatu. Twawaomba wasomaji wetu, hasa mabinti walioolewa, waifikirie safari hiyo watakaposikia kwamba mama yao amechukua mimba.

Tuirudie sinema yetu. Bwana Banks alilazimika kuongeza dola 100,000 ili airudishiwe nyumba yake mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama ya kukimbia uzee! Kisha mke na binti wakajifungua siku moja: Annie mtoto wa kiume, Nina wa kike. Mzee akawapakata wote wawili. Na yule binti mchanga, kabla hajafumbua macho vizuri, amekwisha kuwa mama mdogo wa mtu.